Mkia wa Tetemeko

Nyumba yangu ya nyumbani, upande wa Birongo, Kisii, ndiyo nyumba tulivu kuliko zote nilizowahi kuzipima. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nimezipima kwa chombo, na utulivu wake unatokana na jambo moja tu: hakuna anayeishi ndani yake. Niliijenga nilipooa, kama inavyompasa mwana wa Mgusii, chini kidogo ya nyumba ya baba, mabati ya kijani na sakafu ya saruji niliyoringa nayo kupita kiasi. Mke wangu alikaa humo misimu michache ya chai, kisha akaenda zake. Hatukurushiana masufuria. Alisema tu kwamba amechoka kuishi na mtu anayeisikiliza ardhi kuliko anavyowasikiliza watu. Nilimjibu kwamba ardhi haichoshi kwa maneno. Jibu hilo lilinipendeza kwa siku kadhaa, kisha nikabaki nalo peke yangu.

Mimi ni mtu wa matetemeko. Watu wakisikia hivyo hudhani nakaa nikiombea maghorofa yaanguke ili nipate kazi. La hasha. Ninachongoja ni vijitetemeko vya hapa hapa, vile ambavyo mama anayekama ng'ombe hudhani ni ng'ombe kajikuna. Tunavitumia kuupima uwanda wa Kano, kule chini kuelekea ziwani. Uwanda ule ni bonde lililojaa mashapo: mchanga, tope na udongo uliosombwa na mito ukalundikana tangu enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kulalamika kuhusu mafuriko. Tetemeko likiingia humo halitoki lilivyoingia. Ardhi laini huukuza mtikisiko, halafu huumeza. Mitetemo ya haraka hufa kwanza, ile ya polepole hubaki ikizungukazunguka bondeni. Ukitaka kuelewa, gonga sufuria tupu kwa mwiko, kisha uigonge tena ikiwa imejaa uji.

Swali letu lilikuwa jepesi kulitamka: bonde linameza kiasi gani? Jibu lake linamhusu kila anayepandisha matofali Ahero au Kisumu. Lakini huwezi kujua mtu amemeza nini kama hukuona alichotia kinywani. Kwa hiyo tulihitaji chombo kingine nje ya bonde, juu ya mwamba mgumu, kilisikie tetemeko lile lile kabla mashapo hayajalichezea. Hapo tunatazama zaidi mkia wa tetemeko, yaani ule mtikisiko unaobaki baada ya kishindo, namna unavyofifia mpaka ukapotea. Mwambani mkia hufifia kwa namna yake na bondeni kwa namna nyingine, na tofauti ya mikia hiyo miwili ndiyo hesabu yetu yote.

Mwamba ukiutaka, njoo kwetu. Tuna mawe mpaka shambani. Tulijaribu kwanza karibu na Itumbe, lakini mashine za kiwanda cha chai zinanguruma mpaka chini ya ardhi, na chombo kilirekodi majani ya chai yakikaushwa. Tukajaribu Masimba. Huko kuna malori na mafundi wa kuchomelea vyuma, na wauza duka wanaoshusha magunia kana kwamba wana ugomvi nayo. Ndipo nikaikumbuka nyumba yangu. Imekaa juu ya mwamba wenyewe, mafundi walivunja mtaimbo wakichimba msingi. Isitoshe, mtu pekee anayeishi katika boma lile ni baba, na baba hangekanyaga ndani ya nyumba yangu hata kwa mtutu wa bunduki.

Kwetu tunaita chinsoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya, na kati ya baba na mwanawe aliyeoa ndipo ilipokaza zaidi. Baba haingii nyumba ya mwanawe. Haingii kusalimia, haingii kukinga mvua, na kitanda cha mwanawe hapaswi kamwe kukitia machoni. Akiwa na neno, atasimama uani na kulisema kwa sauti, akitazama pembeni. Baba yangu ni mzee wa kanisa la Kisabato, Biblia anayo kichwani tangu Mwanzo hadi Ufunuo, na mchungaji mmoja aliwahi kumwambia kwamba mambo hayo ni ya gizani. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai, na akaendelea kutokanyaga mlangoni mwangu.

Niseme pia jinsi tulivyokuwa sisi wawili, maana bila hilo haya mengine hayana uzito. Mama alikwisha kututoka. Dada zangu wako kwa waume zao. Mke nimeshasema. Nilikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki hapa duniani wa kuniita mwana, na mtu huyo tulikuwa hatujui kuzungumza. Mama alipokuwapo alitutafsiria. Alipoondoka tuliachiana habari za mvua. Nilikuwa naogopa, na bado naogopa, kwamba siku moja mmoja wetu atakufa kabla hatujasemezana neno lolote lisilohusu mvua.

Siku ya kukiweka chombo, baba alisimama nje ya dirisha akiwa ameligeuzia mgongo. Alitaka kujua kila kitu, lakini hakugeuka.

"Kinakula nini?" aliuliza.

"Jua, tata," nilimjibu, maana kwetu baba huitwa hivyo. "Tumeweka sola juu ya paa."

"Na kinafanya nini?"

Gari la mradi lilikuwa likinisubiri barabarani, dereva anapiga honi. Nilimwambia kinasikiliza ardhi, na kwamba ni kitu dhaifu sana, tena cha bei. Kisitikiswe. Ng'ombe wasifungwe karibu na ukuta ule. Watoto wa jirani wasiruke ruke pale. Nilisema hata mtu akikohoa humo ndani kinasumbuka.

"Kikitikisika?" aliuliza baba.

"Kazi yangu imekwisha," nilisema, nikatoka mbio.

Ufunguo wa kufuli nilimwachia yeye. Hangeutumia, ila kumpa mtu mwingine ingekuwa kumvunjia heshima. Kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, alimpa mama mdogo, mke wa marehemu ndugu yake, anayeishi ng'ambo ya ua. Mama mdogo alifagia na kupangusa vumbi huku baba akimpigia kelele za maagizo kutoka nje, usisogeze, usiguse waya, polepole na huo ufagio. Mama mdogo aliniambia kwamba kufagia kanisa zima ni afadhali.

Mimi nilipanga chumba Ahero, karibu na vituo vyetu vya bondeni. Huko ardhi ni laini kiasi kwamba lori likipita, maji ya kunywa hutetemeka glasini. Jirani zangu walikuwa vyura na mashamba ya mpunga. Nilipika chakula cha mtu mmoja, na anayejua kupika chakula cha mtu mmoja anajua kwamba hakipikiki, daima kinabaki. Asubuhi nilifungua kompyuta kabla ya kufungua mlango. Takwimu za kule nyumbani zilinijia kwa mtandao wa simu, mistari mitatu ikitiririka kwenye kioo, na ndani ya mistari hiyo, kila kukicha, palikuwa na baba.

Hakuingia, alipita tu. Hatua zake zilianza kama vinundu vidogo, zikakua alipokaribia ukuta, zikakoma, kisha zikarudi zilikotoka. Alikuwa anakuja kuhakikisha kwamba kitu changu kiko salama. Nilijifunza kumsoma. Siku za baridi alitembea kwa fimbo, nikaona kinundu cha tatu baada ya kila viwili. Siku za kuchuma chai alipita haraka. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku tulivu kuliko zote katika rekodi nzima, maana kwetu Jumamosi hakuna jembe wala kinu, na hata yeye alichelewa, akapita akiwa na viatu vya kanisani vyenye kisigino. Kwenye simu aliniambia, "Huku kumenyesha," akakata. Kwenye mistari aliniambia mengi zaidi, na yeye hakuwa na habari.

Mwenzangu wa Kisumu, binti hodari wa kompyuta ambaye bado ana subira ya kufundisha wazee kama mimi, hakupendezwa naye.

"Daktari, stesheni yako ya Kisii ni poa sana, lakini kuna mtu anakanyagakanyaga hapo kila asubuhi. Si umwambie apitie upande ingine?"

"Ni baba yangu."

"Aa. Pole. Basi mimi nitakuwa namtoa tu."

Na kweli alimtoa. Aliandika programu inayotambua hatua za mtu na kuzifuta, baba akawa hayumo katika takwimu safi. Mimi niliendelea kufungua zile chafu.

Kisha likaja. Ilikuwa asubuhi, nimekaa na chai yangu, na chai ikaanza kujikunja kikombeni. Hapakuwa na lori. Kitanda kiligonga ukuta, vyura wakanyamaza wote kwa pamoja. Watu wakatoka nje wakipiga kelele, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka kwa furaha. Tetemeko la karibu, la ukubwa unaotakiwa hasa, na saa ile mitambo yote ilikuwa hai. Tulikuwa tumelingoja tangu mradi uanze. Nilikimbilia kompyuta nikiwa na chai kwenye shati.

Vituo vya Kano vilikuwa vimelipata lote, kuanzia kishindo hadi mkia mrefu mnene uliojaa matope. Nikafungua cha nyumbani. Wimbi la kwanza lilikuwa kali na safi kama mchoro wa kitabuni. La pili likafuata. Mkia ulianza kufifia kwa namna nzuri mno, na nikasogeza uso karibu na kioo.

Kisha zikaja hatua, na mwenye hatua hizo alikuwa anakimbia. Zikakua na kuzidi kukua mpaka zikapita ukubwa wowote niliowahi kuuona, maana yake aliyezipiga alikuwa ndani. Halafu mistari yote mitatu ikaruka juu na chini kama mwendawazimu, ikalala upande, na baada ya hapo palikuwa na uvumi mzito usioeleweka. Mkia ulikuwa umekatwa. Bila mkia wa mwambani, mikia yote ya bondeni ilikuwa haina wa kulinganishwa nao.

Nilitukana. Nilimtukana mwizi, maana nilijua ni mwizi. Nani mwingine angeingia? Nilipiga simu kwa baba, haikupokelewa. Nikapiga tena na tena mpaka akapokea mama mdogo.

"Baba yako hataki simu," alisema.

"Nani ameingia nyumbani kwangu?"

Nilisikia kuku wake. "Njoo mwenyewe," akasema, na akakata.

Nilishuka Masimba siku iliyofuata, nikachukua bodaboda. Kijana aliyenibeba alikuwa na hadithi ya kumpa kila abiria.

"Ile kitu ilitingisha nchi uliisikia? Mimi nilikuwa juu ya pikipiki, nikafikiri ni gurudumu inatoka. Nikashuka nikaipiga teke, bure!"

Sikucheka. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia chifu, na mengine makali zaidi ya kumwambia baba, ambaye nilimwachia ufunguo na kazi moja tu.

Boma lilikuwa kimya. Mlango wa baba ulikuwa umefungwa mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mlangoni kwangu kufuli lilikuwa likining'inia wazi, na ufunguo bado uko ndani yake. Mwizi gani huja na ufunguo? Niliingia. Kitanda kilikuwa kama nilivyokiacha. Hakuna kilichoibiwa. Chombo changu kilikuwa pale pale pembeni, kimeinama kidogo, na kimefunikwa koti la baba, lile la kahawia la kanisani, mikono ya koti imezungushwa na kufungwa fundo kwa mbele.

Nilisimama pale muda mrefu nikilitazama lile fundo. Mama mdogo aliingia nyuma yangu, akajifuta mikono kwa leso.

"Usimkaripie," alisema. "Yuko kwangu. Tangu jana hajarudi huku. Hata chakula hali vizuri. Anasema ameingia nyumba ya mwanawe, hana uso wa kukuonyesha."

"Kwa nini aliingia?"

"Si ulimwambia kitu chako kisitikiswe?"

Sikuelewa mara moja. Miaka yote hiyo ya shule, na sikuelewa. Ilibidi anieleze taratibu, kama anavyomweleza mtoto namna ya kushika kisu. Ardhi ilipoanza kutikisika baba alikuwa migombani. Hakukimbilia nyumba yake, wala ng'ombe wake. Alikimbia kwa mguu wake mbaya moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu, akafungua, akaingia, akapiga magoti, na akakikumbatia chombo kwa nguvu zake zote ili kisitikisike. Mama mdogo alimkuta pale. Ardhi ilikuwa imeshatulia zamani, lakini alikuwa bado amekishika, amekibana kifuani kama mtoto mwenye homa, na alimwambia mama mdogo asikanyage kwa nguvu. Aliogopa pengine tetemeko linarudi. Alipochoka alikivika koti lake. Alipotoka nje ndipo alipoona ametokea mlango gani.

Nilikaa chini sakafuni na nikalia. Mke wangu alipoondoka sikulia. Mama alipozikwa nilishughulika na hema na viti. Nililia siku ile, mwanaume mzima mwenye mvi, na mama mdogo akageukia dirishani akajifanya anatazama kuku.

Mzee wa watu alikuwa amekilinda kipima-matetemeko kisitikiswe na tetemeko. Ningekuwa kijana ningewasimulia wenzangu, tungevunjika mbavu. Lakini nilijua mlango ule una maana gani kwake, na nilijua aliuvuka bila kusita. Nilichojiuliza ni nini kitabaki kwake iwapo nitamwambia kwamba chombo kile kiliwekwa pale ili kitikisike, na kwamba kwa kukikumbatia aliivunja kazi yetu yenyewe. Angekuwa amevunja heshima yake ya uzeeni kwa jambo la bure. Asingerudi kwenye boma lake, namjua. Angezeekea kwa shemeji yake, ng'ambo ya ua, akiniepuka mpaka siku ya mazishi, yake au yangu.

Mambo kama haya kwetu hayasemwi ana kwa ana. Nilikwenda mpaka kwenye ua, nikasimama upande wangu. Yeye alikuwa upande wa pili, ameketi kwenye kigoda chini ya mgomba, ananipa mgongo. Bila koti alionekana mdogo. Mama mdogo alisimama kwenye pengo katikati yetu ili maneno yapitie kwake, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Muulize," alisema baba, "kama ameiona nyumba yake."

"Mwambie nimeiona. Nyumba ni nzima."

"Mwambie sikutazama kitanda."

"Najua, tata."

Mama mdogo alitutazama, mara huyu mara yule. Hakuwa na kazi tena, akatoa maharage kwenye leso akaanza kuyamenya.

Baba alikuna goti. "Kile kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa. "Kilipona?"

Kazi yangu ni kusema kilichopimwa, si kinachopendeza. Nimewafelisha wanafunzi kwa kupamba takwimu. Kule Kisumu, yule binti alikuwa akinisubiri nimwambie kama kuna chochote cha kuokoa, na hakikuwapo.

"Kilipona," nilisema. "Ulikishika vizuri. Hakikutikisika hata kidogo."

Mabega yake yalishuka. Alivuta pumzi, akaitoa polepole.

"Basi sikuingia bure," akasema.

"Hukuingia bure, tata."

Kulikuwa na wingu upande wa Nyamira na hakuna aliyelitaja. Kisha baba alifanya kitu ambacho sikukitegemea: aligeuka kwenye kigoda chake, akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu kuliko nilivyojua.

"Na likija lingine?" aliuliza. "Wewe uko mbali. Niingie?"

Nilifikiri juu ya vituo vyote vya bondeni, vikingoja mkia mmoja safi kutoka mwambani.

"Ingia, tata," nikamwambia. "Hata lisipokuja, ingia."